Rekoda kwenye Kofia ya Mtoto

Saa moja na nusu asubuhi, na ukungu wa Makambako bado haujainuka. Malori ya kwenda Tunduma yamepanga foleni kando ya barabara, injini zinanguruma taratibu, na madereva waliojifungia makoti hadi kidevuni wanatafuta chai. Kwenye kibanda cha mabati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu NYIMBO KWENYE FLASHI NA MEMORI, Dorosela ameshawasha kompyuta. Anapuliza vidole vyake ili vipate kubonyeza.

Dereva mmoja anaingiza kichwa dirishani. Anaitwa Romanus, na ni mteja wa siku nyingi.

"Kamwene, mama Jasmine."

"Kamwene, kaka. Leo unakwenda au unarudi?"

"Nakwenda. Nimebeba mbolea ya Zambia. Niwekee kwaya za kunifikisha, zisiwe za kulialia. Na ile ya Mwalimu Hezekia, ile ya tamasha. Flashi yangu imeibwa nayo."

"Ile haipo."

"Haipo vipi, na wewe ndiye uliyeirekodi?"

"Haipo, kaka. Chagua nyingine."

Romanus anacheka, akidhani anataniwa. Anainama kutazama chini ya meza, ambako mtoto wa kike wa miaka miwili na miezi mitatu, aliyevalishwa sweta mbili, anapanga vifuniko vya soda. Mtoto ameupa mlango mgongo.

"Jasmine," anaita. "We Jasmine, mkwe wangu." Anatikisa funguo za lori. Mtoto anaendelea na vifuniko vyake. Romanus anapiga meza kwa kiganja, na hapo mtoto anainua uso, kwa kuwa meza imetikisika. Anaitazama meza. Aliyemwita hamtazami.

"Huyu anaringa kama mama yake," anasema Romanus.

Dorosela anageukia kompyuta. Anachomeka flashi, anaweka nyimbo hamsini, anapokea shilingi elfu moja, anamtakia safari njema. Dereva akishaondoka ndipo anapokaa kwenye kigoda na kuyaegemeza mabega yake ukutani.

"Sijawaambia," anamwambia mwandishi aliyekuja kumsikiliza. "Ukimwambia dereva mmoja, jioni imeshafika Tunduma."

Hiki ambacho madereva hawajakijua, leo amekubali kisomwe na kila mtu. Anasema wiki mbili zilizopita, kwenye mkutano wa injili hapo hapo Makambako, alimwona mama kijana amesimama chini ya spika na mtoto mgongoni, mama anaimba, mtoto analia. Alitaka kumfuata, akaishia kurudi nyumbani. Usiku ule hakula.

"Nikasema, basi, nitasema. Hata wakinicheka. Mwingine asije akapita nilipopita."

Dorosela ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Mlangali, wilayani Ludewa, kwa wazazi wanaolima mahindi na maharage, akamaliza darasa la saba, akaja Makambako kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba ile alikuwa na kompyuta ya kuwawekea wageni nyimbo kwenye simu. Siku alipougua, Dorosela alikaa mahali pake. Hiyo ni miaka kumi na miwili iliyopita, na hajashika shuka la mtu tena.

Zamani kibanda chake kilikuwa kinahudumia wateja thelathini kwa siku. Siku hizi wakifika wanane anashukuru, maana kila mwenye simu anajitafutia mwenyewe. Kilichobaki kumpa mkate ni kile ambacho simu haina: rekodi za uwanjani. Kwaya ikiimba mahali, watu wakiwa wanaitikia na kupiga vigelegele, dereva anaitaka hiyo kuliko ya studio. Anasema inamfanya aone yuko na watu, hayuko peke yake kwenye mlima wa Igawilo na tani thelathini nyuma.

Kwa hiyo Dorosela alikuwa anakwenda mwenyewe. Harusi kubwa, mikutano ya injili, matamasha ya kwaya. Alinunua rekoda ndogo kwa mtu wa Mbeya aliyekuwa mwandishi wa redio. Inatoshea kiganjani, unene wake kama kipande cha sabuni.

Lakini waandaaji hawapendi. Nao wana haki yao, kwa kuwa wanapiga video zao na kuziuza. Mlangoni wanapekua mikoba. Mara ya kwanza walimnyang'anya rekoda, akaipata kwa kupiga magoti. Mara ya pili aliificha kwenye kikapu chini ya viazi, ikatoa sauti ya mtu anayeimba ndani ya gunia.

Ndipo Jasmine alipozaliwa.

Mama yeyote wa nyanda hizi anajua kitu hiki. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenye baridi, amefungwa mbeleko na blanketi juu yake, hakuna mlinzi atakayethubutu kumfungua. Ni kama mlango uliofungwa kwa komeo. Dorosela akanunua kofia ya sufu, akaishonea mfuko mdogo upande wa kushoto, akaitia rekoda humo.

"Nilijiona nina akili," anasema. "Nilijiambia, kumbe miaka yote hii nilikosa mtoto tu."

Kulikuwa na ufundi wake. Sufu ikisugua rekoda, inatoa mkwaruzo unaoharibu wimbo. Kwa hiyo ukingo wa kofia ule wa kushoto alikuwa anaukunja juu, akaubana kwa pini. Sikio la mtoto likabaki wazi. Na rekoda ikielekea mgongo wa mama haisikii vizuri, inatakiwa ielekee spika. Kwa hiyo, wakati watu wote uwanjani wamelitazama jukwaa, Dorosela alikuwa anageuzia jukwaa mgongo.

Alifanya hivyo mara kumi na moja. Ya kumi na moja ndiyo ilikuwa tamasha la Mwalimu Hezekia.

Mwalimu Hezekia alikuwa mtu wa Makete. Kwa miaka arobaini alifundisha kwaya, akitembea kwa miguu kutoka usharika hadi usharika na uma wake wa kupatia sauti mfukoni. Hakuwa na gari wala nyumba ya maana, lakini waimbaji waliopitia mikononi mwake walijaa nchi nzima. Alipofariki mwaka jana mwezi wa pili, wakakubaliana kukutana Njombe mwezi wa saba wamuenzi. Wakubwa wote. Waliotoka Iringa, Mbeya, Dar es Salaam, watu ambao kuwapata wawili kwenye jukwaa moja ni kazi, siku hiyo walikuwa kumi na saba.

"Nilijua hiyo ni moja tu," anasema Dorosela. "Haitarudi tena. Mtu hafi mara mbili."

Jumamosi ile alimnywesha Jasmine uji, akapanda basi dogo, Kosta ya asubuhi ya kwenda Njombe. Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne. Alikuwa ameanza kutembea kwa kushika vitu, na alikuwa msemaji. Alisema baba, alisema hii, alisema neno lake mwenyewe ambalo maana yake ilikuwa mbuzi, kuku na pikipiki.

Mume wake, Lameki, anayepakia mbao kwenye malori hapo Makambako, alimwambia amwache mtoto kwa jirani.

"Nikamjibu, nikimwacha mtoto, rekoda nitaiweka wapi? Akacheka. Wote wawili tulicheka."

Getini mlinzi alikuwa kijana mwenye bidii.

"Mama, kurekodi marufuku. Mkoba."

Dorosela akampa mkoba. Nepi, chupa ya uji, kiazi cha kuchemsha.

"Na mgongoni?"

"Mgongoni ni mtoto. Unataka nimfungue kwenye baridi hii? Akipata nimonia utamlaza wewe?"

Kijana akaona haya. "Pita, mama. Ila mfunike vizuri."

Ndani, spika zilipangwa pande zote mbili za jukwaa, moja juu ya nyingine, zikawa ndefu kuliko nyumba. Dorosela alikwenda moja kwa moja upande wa kushoto, akasimama hatua sita kutoka kwenye spika, akageuka. Vijana waliokuwa mbele yake walimkodolea macho.

"Mama, waimbaji wako huku. Huko unamtazama nani?"

"Namwonyesha mtoto."

"Mtoto mwenyewe kafumba macho."

Wakacheka. Naye akacheka nao, maana mtu anayechekwa hashukiwi.

Saa nane mchana kwaya ya kwanza ikaanza. Dorosela anasema aliusikia mlio ule wa besi kifuani kabla ya masikioni, kama mtu amemsukuma. Mtoto alishtuka mgongoni, mwili wote, kama samaki. Kisha akalia.

"Sisi tumelelewa kwa methali," anasema. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mama yangu alinilea nayo, bibi yangu alimlea mama yangu nayo. Nikamtikisa, nikamwimbia, nikaacha alie. Nilisema atazoea."

Karibu yake alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mkulima wa viazi, ambaye baadaye alimtajia jina lake kuwa ni Scholastica. Huyu alivumilia nyimbo tatu, ya nne akamshika bega.

"Mwanangu, mtoto analia."

"Atanyamaza, mama. Amezoea."

"Kilio hiki si cha njaa. Nimezaa saba, nakijua. Sogea kule kwenye miti."

"Nikisogea sitaona, mama."

"Kwani hapa unaona nini, na umegeuka?"

Dorosela alijifanya kurekebisha mbeleko. Alitazama chini. Mama Scholastica alitoa kitambaa kichwani mwake, akataka kumfunika mtoto sikio lile lililo wazi. Dorosela akamzuia mkono. Alimzuia kwa upole, kwa heshima zote, kama mtu anavyomzuia mkubwa wake. Kitambaa kingeziba rekoda.

"Ule mkono nauona hata sasa," anasema. "Mkono wa utu. Mtu asiyenijua alitaka kumsaidia mwanangu, nami nikamwambia asante mama, acha tu."

Katika saa ya tatu mtoto akanyamaza. Alinyamaza kabisa, kichwa kikaegemea, na kila besi ilipopiga hakushtuka tena. Dorosela akamshukuru Mungu kuwa amelala. Mama Scholastica alikuwa amekwisha kuondoka, akaenda kukaa mbali, kwenye miti.

Tamasha lilimalizika saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndani ya Kosta, Dorosela alisikia watu wakizungumza kama wako nyuma ya godoro, na kichwani mwake kulikuwa na mlio kama wa nyaya za umeme. Alimwita mtoto, mtoto akamtazama mdomo. Kesho yake, baada ya kutoka ibadani, mlio wake mwenyewe ukapungua. Akaona kama wake umepungua, na wa mtoto umepungua.

Siku mbili zilizofuata alikaa kibandani na hedifoni, akiisafisha rekodi. Kazi hiyo ni ya kukata. Mtu akikohoa unakata, mlevi akipiga mluzi unakata. Lakini rekoda ilikuwa kichwani mwa Jasmine, na katika tamasha zima hakuna sauti iliyokuwa karibu nayo kuliko ya Jasmine. Kilio chake kilikuwa kimefunika waimbaji. Dorosela akakikata chote, mahali kumi na tisa, akaunganisha kwa ufundi mpaka mtu asijue palikatwa.

"Nilikisikia mara kumi na tisa," anasema. "Na kila mahali nilikirudia mara tatu au nne, ili nijue pa kukata. Mama gani atakuambia amemsikiliza mtoto wake akilia namna hiyo, na hakusikia anachosema? Mimi."

Rekodi ilitoka safi. Video ya kamati, kwa taarifa zilizofika Makambako, ilikuwa na picha nzuri lakini upepo umeingia kwenye sauti. Kwa hiyo ya Dorosela ndiyo ikatafutwa. Ndani ya mwezi mmoja aliiweka kwenye flashi na memori zaidi ya mia nne. Madereva walisimama dirishani na kumsifu.

"Dada, wewe ni studio inayotembea."

Alinunua kitanda. Alinunua mabati mawili ya kibanda. Akamnunulia Jasmine viatu vinavyolia kila akikanyaga, vile watoto wanavyovipenda.

Jasmine hakuvijali.

Mwezi wa kumi, baba akasema mtoto ameacha kusema baba. Dorosela akamjibu kuwa watoto huwa wanasema na kuacha, na kwamba kwao Lameki wote walichelewa kusema. Mtoto alikuwa anacheka, anakula, anatembea. Alikuwa anatazama sana midomo ya watu. Wageni wakasema ana akili, anatazama kama mtu mzima.

Krismasi walikwenda Makete kwa mama yake Lameki, Bibi Esteria. Wajukuu walikuwa sita, wamekaa sakafuni wanacheza na magunzi. Bibi alisimama nyuma yao na sinia, akasema, wala hakupaza sauti, "Nani anataka andazi?"

Watano waligeuka kama askari. Jasmine akaendelea na gunzi lake mpaka alipoona wenzake wanakimbia.

Bibi akaweka sinia chini. Aliwagawia watoto maandazi. Baada ya chakula alimwita mkwe wake jikoni, akamkalisha karibu na moto.

"Mama Jasmine, nikuulize. Mtoto huyu ana nini?"

"Hana kitu, mama. Ni mkaidi tu."

"Mtoto gani wa Kikinga anaitwa kwa andazi akakaidi? Huyu hasikii."

Kliniki, muuguzi aligonga kijiko kwenye sahani ya bati nyuma ya kichwa cha mtoto. Upande wa kulia akageuka kidogo, kama mtu aliyeguswa na inzi. Upande wa kushoto, kimya. Wakaandikiwa barua ya hospitali kubwa, wakangoja zamu yao mpaka mwezi wa nne.

Mtaalamu wa masikio aliyewapokea anaitwa Frederick. Ni mtu wa maneno machache. Alimpima mtoto kwa mashine, akarudia siku ya pili, kisha akauliza swali ambalo Dorosela alikuwa anaomba lisiulizwe.

"Alizaliwa hivi, au alikuwa anasikia?"

Lameki akasema hakumbuki vizuri, yeye muda mwingi yuko kwenye mbao. Dorosela akasema alikuwa anasikia, na alikuwa anasema.

"Una uhakika? Wazazi wengi wanadhani."

Hapo Dorosela akafungua pochi na kutoa flashi. Rekodi iliyosafishwa alikuwa ameshaifuta kibandani, lakini ile ya kwanza, ambayo haijakatwa, alikuwa ameiweka. Watu wa kazi hii hawatupi rekodi ya kwanza. Wakaichomeka kwenye kompyuta ya daktari.

Kabla ya tamasha, rekoda ilikuwa imewashwa tangu kituo cha Kosta. Ikasikika sauti ya Dorosela, kwa mbali: "Jasmine, kiatu kiko wapi?" Na karibu kabisa, kama mtoto amekaa mezani pale mbele yao: "Hii." Ikasikika pikipiki ikipita, na mtoto akaitaja kwa lile neno lake. Mama akamuuliza, "Nani amebaki nyumbani?" Mtoto akajibu, "Baba."

Lameki alisimama, akatoka nje. Walimwona kupitia dirishani amesimama kwenye nyasi za hospitali, mikono imeshika kiuno, kama mtu aliyebeba mbao nzito na kuishiwa pumzi.

Frederick aliisogeza rekodi mbele kidogo kidogo. Geti likapita, vijana wakacheka, kwaya ya kwanza ikaanza na kilio kikaanza. Alisikiliza wimbo mmoja na nusu. Kisha akanyoosha mkono na kuizima mwenyewe.

"Mama, ilichukua saa ngapi hivi?"

"Saa nne na nusu."

"Na matamasha mangapi?"

"Kumi na moja."

Frederick aliiandika namba hiyo kwenye faili. Alimwambia ukweli ambao alikuwa nao. Kwamba hawezi kuapa ni spika peke yake, mtoto anaweza kuwa na jambo lingine ambalo mashine haioni. Lakini sikio la kushoto limekufa karibu lote, na la kulia limebaki na kidogo, na mtu wa masikio akiona tofauti hiyo anauliza kelele ilikuwa upande gani. Kwamba tundu la sikio la mtoto mchanga ni jembamba kuliko letu, na sauti inayomsukuma mtu mzima kifuani, yeye inampiga. Kwamba mtoto akinyamaza kwenye kelele kubwa usishukuru. Mtoe.

"Yule mtoto hakulala," alimwambia. "Alichoka."

Nyumbani, Lameki alikaa wiki mbili bila kusema na mke wake. Alipokuja kusema, alisema sentensi moja, na Dorosela hakumlaumu kwa hiyo: "Mimi nilicheka. Ningekataa, usingekwenda." Tangu siku hiyo wanaishi. Wanakula pamoja. Lakini redio ya nyumba ile ilihamishiwa kwa jirani, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Dorosela hajakamatwa na mtu, na kamati ya tamasha haijui mpaka leo. Mwezi uliopita alikwenda mwenyewe Njombe kwa mjane wa Mwalimu Hezekia, mama Feliciana, akamweleza yote, kuiba nyimbo na kumpotezea mtoto masikio. Alikwenda akitegemea kufukuzwa.

"Akaniuliza tu, 'Ana umri gani?' Nikamwambia. Akaingia ndani, akakaa muda mrefu, akatoka na mayai kumi kwenye kikapu. Akasema, 'Mwalimu alikuwa anawatoa watoto wachanga kanisani kwaya ikifanya mazoezi. Watu walimwona ana roho mbaya.' Basi. Hakunisamehe kwa mdomo. Alinipa mayai."

Kazi ya rekoda ameiacha. Rekoda yenyewe aliiuza, na fedha yake, pamoja na mchango wa akina mama wa usharika wake, imeingia kwenye kifaa cha usikivu cha sikio la kulia. Kibandani anaweka nyimbo za watu kama kawaida, maana lazima wale. Akimwona mteja ana mtoto mgongoni anamuuliza kwanza anakwenda wapi. Wengine wanamwona mbea.

"Waniite mbea," anasema. "Ukisimama kwenye muziki na ukalazimika kupiga kelele ili mwenzako akusikie, hapo si mahali pa mtoto. Huhitaji daktari kujua hilo. Mimi nilikuwa na mama mkulima wa viazi, akaniambia bure, na sikumsikia."

Jumanne ijayo watakwenda hospitali kuvalishwa kifaa. Frederick amewaonya wasitegemee makubwa. Kushoto hakuna cha kurudisha. Kulia, kifaa kinaweza kumletea Jasmine sauti za karibu, sauti za watu, akapata kusema kabla umri wa kusema haujapita. Kinaweza pia kisimsaidie. Hawatajua mpaka kiwashwe.

Lameki alipendekeza wamfungulie wimbo, wimbo mzuri, uwe wa kwanza kuusikia. Ndiyo mara pekee mwaka huu Dorosela alimpandishia mume wake sauti.

"Nilimwambia hapana. Hakuna wimbo. Nitamwomba daktari afunge mlango, mkae kimya wote, hata wewe baba Jasmine ukae kimya. Nitakaa upande wake wa kulia. Nitamuuliza kama anataka uji."

Na asiposikia?

Dorosela anashuka kutoka kwenye kigoda, anaketi sakafuni karibu na mtoto, upande wa kulia, magoti yao yakigusana. Nje lori linaondoka na kibanda kizima kinatetemeka.

"Nitamuuliza tena kesho yake," anasema, "na kesho kutwa. Sina mahali pengine pa kwenda."